Miezi 22 ya kuogopa deni

Novemba mwaka jana mpwa wangu alishuka mjini kutoka Kinole akiwa na shilingi 1,400,000. Kidogo zilikuwa kwenye simu. Nyingi zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira wa tyubu, ukalazwa chini ya ndizi kwenye kapu ili mtu asizifikirie. Pesa ya karafuu. Aliniamkia, akakaa kwenye kreti la soda mbele ya kiduka changu cha spea hapa Mafiga, Morogoro, akangoja mteja aondoke, ndipo akasema: "Mjomba, nataka pikipiki. Sasa nisubiri msimu mwingine ninunue keshi, au nichukue ya mkopo?"

Kwetu Waluguru mjomba hakwepi swali la namna hiyo. Ukoo unafuata mama, na mtoto wa dada akiharibikiwa kwa ushauri wako, dada atakuja kukuuliza wewe kwanza. Nilimwambia ale, alale, tutaongea asubuhi. Usiku ule nikatoa daftari langu la zamani, lile la mwaka 2018 hadi 2021, ambalo nilikuwa naandika kila siku nimepata ngapi, nimempa bosi ngapi, nimeweka ngapi. Nilikuwa sijalifungua kwa muda mrefu kwa sababu lina kurasa zinazoniuma.

Nayaandika haya kwa sababu kijiweni kijana akiuliza swali kama la mpwa wangu anapewa jibu moja tu: deni ni utumwa, nunua keshi. Nililiamini jibu hilo miezi 22 nzima, nikalilipia.

Februari 2018 nilichukua pikipiki ya mkataba. Kwa msomaji ambaye mambo ya boda hayajui: bosi ananunua pikipiki mpya dukani, anakukabidhi, unampelekea hesabu kila siku kwa muda mliopatana, muda ukiisha anakupa kadi ya umiliki na pikipiki inakuwa yako. Wangu ulikuwa 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 14. Boxer ile ilikuwa inauzwa 2,300,000. Piga hesabu ya siku 26 kwa mwezi: 260,000, mara 14, ni 3,640,000. Yaani bosi alikuwa anapata 1,340,000 juu ya pesa yake. Kwa hilo simlaumu hata leo. Alitoa mtaji wakati mimi sina hata laki mbili, na pikipiki ingeibiwa wiki ya kwanza hasara ingeanza kwake. Kila anayetoa pesa yake ana haki ya kuifanyia hesabu.

Kilichoniumiza kilikuwa mstari mmoja chini ya karatasi, ambao nilisaini bila kuusoma mara mbili: dereva akipitisha siku saba bila hesabu, pikipiki inarudi kwa mwenyewe na mkataba umekufa.

Januari 2019, mwezi wa 11 wa mkataba, gari aina ya Noah lilinikatia kona bila kuwasha taa njia ya kwenda Mazimbu. Nilivunjika mtulinga. Mkono ukafungwa kifuani, nikaambiwa wiki tano nisishike usukani. Pikipiki ilipinda tu uma wa mbele na kupasuka taa, na nikaitengeneza kwa pesa yangu siku ya tatu, nikiwa na mkono mmoja, nikiamini naitunza mali yangu. Siku ya nane akaja kijana wa bosi kuichukua. Alikuwa na adabu, aliamkia hadi mama yangu. Alifungua kile kitambaa cha kitenge nilichofunika siti, akakikunja, akanikabidhi mkononi, akawasha akaondoka.

Daftari linasema hadi siku hiyo nilikuwa nimempelekea bosi 2,860,000. Pikipiki mpya dukani 2,300,000. Nilikuwa nimeshailipa ikaisha na chenji juu, na nilichobaki nacho ni kitenge na kofia ngumu.

Hapo ndipo nikaapa. Deni basi. Nitanunua kwa pesa yangu, nishike kadi yangu siku hiyohiyo, mtu asije akakikunja kitenge cha siti yangu tena. Nadhani yeyote aliyewahi kunyang'anywa kitu anaelewa kiapo cha namna hiyo kinatoka wapi.

Aprili 2019, bega likiwa limepona, nikarudi barabarani kama dei waka. Dei waka haahidiwi kitu: unapeleka hesabu jioni, unarudisha pikipiki, kesho unaanza upya. Bosi wa safari hii alikuwa mtu mwema, hesabu yake 7,000. Nikachongesha kibubu cha mbao kwa fundi wa Kihonda, kisicho na mlango, na kila jioni nikawa natumbukiza 5,000. Mama ndiye aliyekihifadhi chini ya kitanda chake, na kila nikitumbukiza alikuwa anakinyanyua kidogo kupima uzito, halafu anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwisho wa Septemba, miezi sita, nilikuwa na kama 700,000. Mwenzangu mmoja wa kijiweni aliyekuwa na pesa kama hiyo aliitanguliza kama kianzio akachukua pikipiki kwa mkopo wa mwaka mmoja. Aliniita twende wote. Nikamwambia mimi mkopo sigusi. Nilijiona nina msimamo.

Nikaendelea. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya corona. Mwenyeji wa Morogoro anajua maana yake: wanafunzi wa SUA na Mzumbe ndio abiria wetu, na waliondoka ndani ya siku chache. Msamvu palikuwa na boda wengi kuliko abiria. Aprili na Mei bosi akanipunguzia hesabu hadi 5,000, Mungu ambariki, na kibubu siku nyingine hakikupata kitu. Vyuo vilipofunguliwa Juni nikaanza tena kutumbukiza.

Mwanzoni mwa Februari 2021 tukakipasua kwa shoka uani. Noti zilikuwa zimelainika kama kitambaa kwa unyevu, zina harufu ya mbao na vumbi. Tulizihesabu juu ya mkeka, mimi, mama na dada, mara tatu. Ilitosha. Pikipiki ilikuwa imepanda bei, sasa 2,550,000. Muuzaji aliniuliza kama niongeze bima na vikorokoro vingine, nikamwambia hapana, nitakata mwenyewe. Nilikagua namba ya chasisi na ya injini zikafanana na karatasi, nikadai risiti ya mashine, nikalipa kwa mkupuo. Nikatoka dukani nasukuma pikipiki yenye nailoni kwenye siti, nimebaki na shilingi 11,000.

Ile furaha ilidumu hadi kona ya kwanza. Sina bima, sina leseni ya LATRA ya kubebea abiria, sina kofia ya abiria, sina kufuli la maana. Trafiki yeyote akinisimamisha ninalala nayo kituoni. Nikailaza ndani siku tisa. Siku tisa nimekaa naitazama, na kazi ya dei waka nilishaikabidhi kwa mwingine.

Siku ya kumi nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu. Nikachukua 150,000. Marejesho 7,000 kila siku kwa siku 30, jumla 210,000. Asilimia 40 ndani ya mwezi mmoja! Mimi niliyekimbia mkopo karibu miaka miwili, nikaingia kwenye mkopo mbaya kuliko yote kwa sababu nilimaliza pesa yote kwenye chuma na sikuacha ya kukiendesha.

Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa niliiona usiku ule nilipokaa na daftari kwa ajili ya mpwa wangu. Miezi 22 ya dei waka, hesabu yote niliyopeleka, nikitoa ile nafuu ya miezi miwili ya corona: 3,900,000. Nilimlipa mtu karibu milioni nne kwa kuazima pikipiki ili nisidaiwe pikipiki.

Nikajiuliza ingekuwaje kama Septemba 2019 ningemfuata yule mwenzangu. Bei wakati ule ilikuwa 2,350,000. Ningetanguliza 700,000, ningekopa 1,650,000. Kwa riba waliyokuwa wanatoza, asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote, riba ya mwaka mzima ingekuwa 594,000. Na tangu Oktoba ile hadi Januari 2021 nililipa hesabu ya dei waka 2,808,000. Niliziandika namba hizo mbili zikitazamana, nikafunga daftari nikatoka nje kukaa kidogo.

Ila sitaki kudanganya kwa upande wa pili. Huyo mwenzangu rejesho lake lilikuwa la kila mwezi, na corona ilimkuta bado anadaiwa. Bosi wangu aliniona usoni akanipunguzia. Mkataba wa mwenzangu haukuwa na uso. Aliuza friji na godoro la wageni ili pikipiki isichukuliwe. Aliivusha, ana pikipiki mbili leo, lakini kwa miezi ile miwili alikuwa anaendesha usiku hadi macho yanakuwa mekundu. Ningekuwa mimi, na mfuko uliokauka baada ya kianzio, nadhani ningenyang'anywa mara ya pili.

Kwa hiyo nilipokaa na mpwa wangu asubuhi sikumwambia keshi wala mkopo. Nilimwuliza: pikipiki ikilala siku 20, kwa ugonjwa au barabara, nani atakudai, na utamlipa kwa pesa ipi? Nimeona pikipiki nyingi zikipotea mikononi mwa vijana hapa mjini, na karibu zote zilipotea katika siku ambazo hazikutembea. Zinapotembea kila mtu analipa. (Mwalimu au karani anayenunua ya kwendea kazini, yeye ni habari nyingine. Pikipiki yake haimwingizii kitu, kwa hiyo riba inatoka moja kwa moja kwenye mshahara. Huyo asubiri, ajaze kibubu, anunue keshi.)

Mpwa wangu alikuwa na karatasi mbili za mkopo. Moja ya kampuni ya mjini, nyingine ya SACCOS (chama cha kuweka na kukopa) aliyojiunga nayo mwaka juzi. Pikipiki aliyoitaka ilikuwa 3,000,000. Zote mbili zimeandika asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12. "Mjomba, si sawasawa tu? Kampuni wananipa kesho kutwa."

Nilichukua boksi tupu la plagi nikaandika nyuma yake. Tuseme umetanguliza milioni moja, umekopa mbili. Kampuni inapiga asilimia 3 juu ya milioni mbili nzima kila mwezi, yaani 60,000, mara 12, ni 720,000. Hata mwezi wa mwisho, ambapo kwenye zile milioni mbili kumebaki kama 167,000 tu, bado wanakutoza riba ya milioni mbili. SACCOS wao wanapiga juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza 60,000 vilevile. Ukilipa rejesho la kama 201,000, deni linashuka kwa 141,000, na mwezi wa pili riba ni kama 55,800, wa tatu pungufu tena, hadi mwisho. Mwaka mzima inafika kama 411,000. Asilimia ileile, tofauti 309,000. Pesa hiyo ni tairi, cheni na spoketi, na mafuta ya siku kadhaa.

Alilitazama lile boksi muda mrefu. Halafu akauliza kitu ambacho mimi sikuwahi kuuliza mwaka 2018: "Na hapa chini wameandika nini?"

Tukasoma pamoja, mstari kwa mstari. Kampuni inafunga GPS, kifaa cha kuonyesha pikipiki ilipo, na rejesho likichelewa wanaizima pikipiki popote ilipo. Nilimweleza wazi kwamba kifaa chenyewe si kibaya, ikiibiwa kitakusaidia, na mkopeshaji lazima awe na njia ya kulinda pesa yake. Lakini ikizimwa umechelewa siku mbili, hizo 226,667 za mwezi utazitoa wapi wakati kilichokuwa kinazitafuta kimezimwa? Tukatafuta kama kuna siku za nafuu. Hazikuwepo. Tukatafuta faini ya kuchelewa: ipo, ya kila siku. Tukatafuta ikiibiwa inakuwaje: deni linabaki palepale, na bima waliyoweka ni bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga na haikulipi wewe ukiibiwa. SACCOS wanataka bima kubwa, ambayo ni ghali zaidi, na nilimwambia hiyo ndiyo gharama pekee asiilalamikie.

SACCOS nao walikuwa na ugumu wao. Wadhamini wawili, na mmoja nikawa mimi. Kadi inakaa kwao hadi deni liishe. Na kamati ya mikopo haikukaa hadi wiki sita zikapita, kijana ananipigia simu kila jioni kwamba wenzake wameshachukua za kampuni, wanapiga kazi ya sikukuu, yeye anangoja karatasi. Nilimwelewa. Wiki sita za msimu wa sikukuu ni pesa nyingi kwa boda. Nilimwomba avumilie, na kila alipokata simu nilikuwa na wasiwasi kama nampoteza.

Jambo moja alilipinga kwa nguvu. Alitaka kutanguliza 1,400,000 yote ili deni liwe dogo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, riba ingepungua. Nikamwonyesha ukurasa wa Februari 2021, zile siku tisa na ile 150,000 ya kausha damu. Nikamwambia milioni moja ni kianzio, na laki nne haina kazi yoyote isipokuwa kukaa. Ni marejesho mawili. Siku mbaya ikija, una miezi miwili ya kupumua. Vifaa na vibali alivigharamia kwa pesa aliyopata kwa kubeba mizigo ya ndizi wakati anangoja kamati, kwa hiyo hata zile wiki sita hazikupotea zote.

Alichukua pikipiki wiki ya pili ya Januari. Akaanza kwa kuilea. Pikipiki mpya inataka kulelewa: kwenye kilomita 500 unamwaga oili iliyokuja nayo, na miezi ya mwanzo huivuti sana, hupakii mishikaki (abiria wawili au zaidi), mlima unapanda taratibu. Ya hesabu ya kila siku haipati malezi hayo, kwa sababu kesho jioni bosi anataka 10,000 na mlima wa Kinole hauna taratibu kwa mtu mwenye haraka. Wanaonunua ringi za pistoni kwangu kabla pikipiki haijatimiza mwaka, wengi ni wa mkataba. Yeye rejesho lake la kwanza lilikuwa Februari, akapata wiki nne za kuipanda kwa upole.

Aprili mvua ya masika ikakata barabara ya kutoka Mkuyuni kwenda juu. Siku nane hakuna pikipiki inayopita, watu wanabeba ndizi kichwani. Mei akaugua malaria, siku tisa kitandani. Jumla siku 17. Mimi nilizihesabu kwa hofu kuliko yeye, kila siku nikikumbuka yule kijana mwenye adabu na kile kitenge kilichokunjwa. Dada akanipigia simu, sauti ya chini, akauliza: "Kaka, watakuja kuichukua?" Nikamwambia hawaji. Rejesho la Mei lilikuwa limeshalipwa, 140,000 kati yake zimetoka kwenye ile laki nne.

Jana amekuja kuchukua oili na cheni. Amelipa marejesho matano, yamebaki saba. Akiba ilikuwa imebaki 260,000, ameanza kuirudisha, sasa ni 310,000, na ameziandika kwenye daftari lenye jalada la bluu linalofanana sana na langu. Alimwaga oili ya zamani palepale mbele ya duka kwenye dumu lililokatwa, tukaichovya kwa kidole na kuitazama juani: nyeusi, lakini haina chembe za chuma. Akajaza mpya, akakaza kizibo, akafuta mikono. Abiria wa Mkuyuni alikuwa ameshavaa kofia, anamsubiri.